Kipilefti ya ziwani: nilichokiona nikifunga sonar kwenye boti ya Mama Sada kule Ikola

Wakuu habari za humu. Nawasalimu wanaochangia, wanaosoma kimyakimya, na yule anayesoma huku bosi wake anadhani anafanya kazi.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu, sijasimuliwa na mtu. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Nikikuazima bisibisi nahesabu, ukirudisha nahesabu tena mbele yako, ukikasirika shauri yako. Kwa hiyo namba zote humu zimehesabiwa mara mbili. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Kwa msionijua, nipo Mpanda, nakaa Misunkumilo. Kazi yangu ni umeme mdogomdogo: sola, redio za magari, ving'amuzi, pampu za sola kwa wakulima wa mpunga kule Mwamkulu. Kitu chochote chenye waya mwekundu na mweusi nagusa. Chenye nyaya tano naomba siku moja ya kufikiria.

Sasa kuna mama mmoja hapa mjini, nimuite Mama Sada (jina nimebadilisha), anauza mafuta ya kula, sukari na sabuni kwa jumla. Ana boti ya faiba Ikola, Ziwa Tanganyika, inayopeleka mzigo kwenye vijiji vya pwani ya ziwa ambavyo gari halifiki.

Akaniita dukani. Anataka afungiwe sonar, ile mashine inayoonyesha kina cha maji.

Nikataja bei yangu. Akacheka. Akataja yake. Nikacheka mimi. Tumechekeana hivyo karibu nusu saa mpaka chai ikapoa. Ndiyo mara ya kwanza nakutana na mtu anayehesabu mara tatu. Tukakubaliana, kila mmoja akiamini kamuibia mwenzake, na hiyo ndiyo biashara nzuri.

Wakati nataka kuondoka nikamuuliza, "Ni ya kutafutia samaki au ya kukwepa mawe?"

Akasema, "Samaki nanunua. Mawe Lusambo anayajua. Mimi nataka kuona chini."

Ndipo akaniambia.

Mume wake, Rajabu, alitoka Karema mchana mmoja na boti yao ya zamani ya mbao, peke yake, anarudi Ikola. Upepo wa kusini ulichafuka. Hakufika. Walimtafuta siku kadhaa, hawakupata hata ubao. Ni miaka miwili sasa.

Wapo wanaosema alizama. Wapo wanaosema kavuka Kongo, anaishi huko na mwanamke mwingine, na boti kauza. Kuna mtu hata anaapa kamuona sokoni ng'ambo, kanenepa.

Shehe mmoja kamwambia huyu mama akae eda. Mwingine kamwambia asubiri. Mawifi wamemwambia akithubutu kukaa eda atakuwa amemuua ndugu yao kwa mdomo. Asubuhi mteja anampa pole, mchana mteja mwingine anamuuliza kama mzee karudi.

Akaniambia, "Fundi, nimechoka kupika chakula cha mtu nisiyejua kama anakula."

Nikahesabu skrubu zangu nikaondoka.

Siku mbili baadaye nipo Ikola na mzigo wangu. Mama Sada alibaki dukani, akasema nikimaliza nimpigie. Tangu mume wake apotee alikuwa hajapanda boti. Akifika Ikola anaishia mchangani, anakagua mzigo, anarudi.

Boti yenyewe ni futi ishirini na moja, injini HP 40. Dereva wake ndiye huyo Lusambo, mtu wa makamo, mwenyeji wa pale, alikuwa rafiki wa Rajabu. Si mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia anakujibu kama anakukopesha.

Kwa wasiojua hii mashine: ina skrini inayokaa mbele ya dereva, na ina transducer. Transducer ni kidude cheusi, ukubwa wa nusu kipande cha sabuni ya kufulia, kinafungwa nyuma ya boti, kwenye ubao ule ule unaobeba injini, kikiwa ndani ya maji. Kazi yake ni kugonga. Sauti inashuka, inagonga chini ya ziwa, inarudi. Mashine inahesabu muda na kukuambia ni mita ngapi.

Ukikiweka sikioni kikiwa nje ya maji unakisikia: tik, tik, tik. Taratibu, kama mtu anagonga glasi kwa ukucha. Kila fundi anaijua hiyo sauti na haimsumbui. Mimi pia haikunisumbua. Wakati huo.

Nilifunga kama kitabu kinavyosema. Upande wa kulia, mbali na propela kama sentimita arobaini, uso wake chini kidogo ya tumbo la boti. Matundu mawili ya skrubu, nikayaziba na silikoni ya boti, siyo ya bafuni. Waya nikaupitisha mbali na nyaya za injini.

Tukasukuma boti majini. Mashine ikasema mita 2.1. Nikashusha kamba yenye jiwe, nikapima, nikapima tena. Mita 2.1. Nikajipongeza mwenyewe maana Lusambo hakuwa na dalili ya kunipongeza.

Ikaja test ya spidi. Hapa ndipo wengi wanaumbuka, kwa sababu boti ikikimbia mapovu yanapita chini ya transducer na namba zinapotea.

Tukatoka. Mita 6. Mita 14. Mita 25. Mita 33. Namba zinakuja safi kama bei ya serikali. Halafu, ghafla, vistari viwili. Mashine haioni chini. Sekunde kama nane hivi. Halafu ikarudi: mita 39.

Tulipogeuza, mahali pale pale, vistari.

Nikasema mapovu haya. Tukarudi, nikashusha kidude sentimita moja. Matundu mawili mapya. Tukatoka tena. Vistari, mahali pale pale.

Siku ya pili nikakisogeza mbali zaidi na propela. Matundu mengine mawili, jumla sita. Boti ya mama wa watu ina matundu sita na mawili tu ndiyo yenye kazi. Nikayaziba manne huku naangalia pembeni kama mwizi.

Tukatoka. Vistari. Pale pale.

Ndipo nikaacha kuangalia skrini, nikaanza kumuangalia dereva.

Wakuu, tukifika pale Lusambo anakata kushoto. Siyo sana. Anakata kushoto, anazunguka kidogo, halafu ananyooka anaendelea na safari. Na boti ikikata kushoto, inalalia kushoto, upande wa kulia unanyanyuka, transducer inatoka majini. Ndiyo maana mashine inapofuka.

Nikamwambia, "Kapteni, nyoosha."

"Nimenyoosha."

"Umekata kushoto."

"Upepo huo."

Upepo? Hakukuwa na upepo. Ziwa lilikuwa limelala, jua la saa nne, unaona mpaka milima ya Kongo.

Tukarudi mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara nasema nyoosha, kila mara anaitikia, kila mara tukifika pale mkono wake unasukuma usukani. Nahisi hata yeye alikuwa hauoni ule mkono.

Jioni, kabla jua halijazama, nimekaa kwenye boti ikiwa imefungwa pale ufukweni. Hii mashine ina GPS, inachora mstari kila unapopita. Nikafungua ramani kuangalia mistari ya siku mbili.

Tukienda tulipita kusini ya lile eneo. Tukirudi tulipita kaskazini. Mistari yote imelala sambamba kama nyuzi za nguo, halafu inaachana, inazunguka, inakutana tena. Katikati imebaki sehemu nyeupe ambayo haijapitwa hata mara moja.

Upana wake kama mita themanini. Umbo la jicho.

Nikacheka mwenyewe, nikasema hawa jamaa wamejenga kipilefti ziwani. Mnajua barabarani, ukifika kwenye mzunguko unashika kushoto unazunguka. Ila kipilefti ya mjini ina mnara katikati, au maua, au angalau tangazo. Hii haina kitu. Maji tu.

Kicheko chenyewe kiliisha mapema. Kwa sababu niliinua macho ziwani.

Boti za wavuvi zilikuwa zinatoka kwenda kwenye kazi. Nikaanza kuzihesabu. Kumi na moja. Zote zilipofika usawa ule zilishika kushoto. Nikasubiri zinazorudi. Nne. Zote zikashika kushoto. Ukapita mtumbwi mdogo wa kupiga kasia, wanawake wawili na kuni, wanaongea kwa sauti mpaka mimi nawasikia huku. Walipokaribia pale wakanyamaza. Wakazunguka. Walipovuka wakaendelea na stori yao, tena kutoka pale pale walipoiachia.

Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuangalia.

Nikamfuata Lusambo, anakunja kamba.

"Kapteni, pale pana mwamba?"

"Hapana."

"Pana nyavu za mtu?"

"Hapana."

"Sasa mnakwepa nini?"

"Nani anakwepa?"

Wakuu, hakuwa ananitania. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Halafu akasema, "Fundi, umeletwa kufunga. Funga."

Nikafunga. Nikampigia Mama Sada nikamwambia kazi tayari, njoo ukague. Sikumwambia kitu kingine. Ningemwambia nini? Kwamba ziwani kuna kipilefti?

Akaja siku ya nne, asubuhi. Kavaa baibui, viatu kashika mkononi. Akapanda boti kama mtu anayekanyaga bati la moto. Akakaa mbele ya skrini, nikawa namuelekeza: hii ni kina, hii ni spidi, hii ni ramani.

Alipoona ramani akanishika mkono.

Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Akiona rafu, jicho lake haliendi kwenye bidhaa zilizopo, linakwenda kwenye nafasi iliyobaki wazi.

"Hapa katikati mbona hampiti?"

Nikamuangalia Lusambo. Lusambo akaangalia injini.

"Lusambo."

"Naam, shemeji."

"Nakuuliza wewe."

Lusambo akakagua mpira wa mafuta.

"Nipeleke hapo."

"Shemeji, mimi siwezi kukupeleka hapo."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi kuwa mimi niliyekupeleka."

Mama Sada akamtazama. Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso, na boti ya futi ishirini na moja haina chumba cha pili.

Mwishoni Lusambo akawasha. Akaendesha mpaka upande wa kusini wa lile jicho. Akazima injini. Akaiinua kabisa kutoka majini, akaifunga kwa kamba kama anayeweka ushahidi kwamba haikutumika. Akaenda kukaa mbele, akatupa mgongo.

"Upepo utawapeleka wenyewe," akasema.

Na kweli kulikuwa na kaupepo kadogo ka kusini. Boti ikaanza kwenda kiubavu, taratibu kama mtu anayetembea msibani. Hakuna sauti. Hata maji hayakupiga ubavu wa boti.

Skrini: mita 38. 38. 38. Tope, tambarare kabisa, kama godoro jipya.

38.

38.

Halafu mstari wa chini ukanyanyuka. 36.8. Ukawa mnene, wa rangi kali, maana yake ni kitu kigumu. Ukaenda hivyo kwa muda, umenyooka. Halafu ukashuka wima. 38.

Naomba nieleweke. Sonar haiandiki jina. Mimi kama fundi siwezi kukuambia hii ni boti ya fulani. Ninachoweza kusema ni kwamba pale chini pana tope limetandikwa, na juu ya tope kuna kitu kigumu, kirefu, kimelala.

Mama Sada akasema, "Rudia."

Lusambo akashusha injini bila neno, akazunguka, akaturudisha kusini, akazima, akainua, akatupa mgongo. Tukapita tena. 38. 36.8. 38. Mara mbili.

Ndipo Lusambo akaongea, bado katupa mgongo.

"Wiki ya pili baada ya Rajabu kupotea, nyavu yangu ilinasa hapa. Hapa hapajawahi kunasa, shemeji, tangu enzi za baba yangu. Nikavuta, wenzangu wa nyavu wakiona. Ikaja na dumu la njano, limejaa maji, lina kamba imekatika. Chini ya kishikio chake lina alama mbili za rangi ya kucha. Nyekundu."

Mama Sada anaweka alama madumu yake yote kwa rangi ya kucha ili yasiibiwe. Mpanda nzima tunajua.

Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza bei, "Na ukanyamaza miaka miwili."

"Hapa anayesema fulani kafa bila maiti, ndiye anaulizwa maiti iko wapi. Polisi wanaanza na yeye. Ndugu wanaanza na yeye. Mama mkwe wako angesema nimemzamisha mimi."

"Dumu liko wapi?"

"Kwangu. Sijawahi kulitilia kitu."

Mama Sada akavua mtandio akaukunja, akauweka sakafuni mwa boti, akalala kiubavu, sikio lake kwenye faiba. Nadhani alitaka tu kulala karibu na pale. Lakini faiba inabeba sauti.

"Fundi. Kinachogonga ni nini?"

"Ni mashine, mama. Inagonga chini halafu inasubiri jibu."

Akasikiliza.

"Inampigia hodi," akasema.

Nikaukagua waya ambao haukuwa na tatizo.

"Imepiga mara ngapi?"

Ndiyo siku pekee mtu ameniuliza idadi nikawa sina.

Akakaa, akajifunga mtandio vizuri. "Zima. Ameshasikia."

Nikazima. Skrini ikawa nyeusi.

Wakuu, hapa ndipo nasema sina uhakika. Baada ya kuzima, na betri nimeikata kwa mkono wangu, nilisikia tik. Moja. Halafu nyingine. Faiba ikipigwa na jua huwa inalia yenyewe, hilo nalijua na ndilo ninalojiambia. Ila Lusambo, aliyekuwa katupa mgongo muda wote, ndiye aliyegeuka. Na hakuangalia mashine. Aliangalia chini.

Tukarudi ufukweni. Ukiacha sisi watatu hakuna mtu aliyejua tulichokiona. Simu yangu ilikuwa mfukoni imezimwa, ya Lusambo haina chaji tangu nimemfahamu, ya Mama Sada kaiacha kwa mwenyeji wake.

Tulipofika, mikeka ilikuwa imeshatandikwa.

Kwenye baraza ya nyumba anayofikia, mikeka minne. Sufuria kubwa iko motoni. Wanawake wamejifunga khanga kichwani, wamekaa. Wanaume wamesimama upande wa pili, wengine wamevua kofia. Boti zilizokuwa zitoke hazikutoka.

Kumbe walikuwa wanatuangalia. Walipoona boti imesimama mahali ambapo boti haisimami, wakaenda kuchukua mikeka.

Mama Sada akashuka. Akasimama kwenye maji ya magoti, baibui lote limeloa. Akawaangalia mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anawahesabu. Hawa ndio aliowauliza kwa miaka miwili, kila akija kukagua mzigo: mmesikia lolote?

"Kumbe nyie wote."

Hakuna aliyeinua macho. Mpaka mama mmoja, muuza dagaa, akasema, "Dada, tulikuwa tunakusubiri uje mwenyewe."

Nilidhani angewatukana. Mimi ningewatukana, tena kwa orodha. Alisimama pale mpaka maji yakatulia kwenye miguu yake. Halafu akatoka, akaenda akakaa kwenye mkeka, na alipokaa tu wanawake wakaanza kulia kwa sauti moja, kilio kilichokuwa kimewekwa kabatini miaka miwili.

Wanaume wakamswalia Rajabu swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, pale mchangani, wakielekea kibla, ziwa likiwa kushoto kwao.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kupanda gari la Mpanda, nilisimama ufukweni nikahesabu. Boti kumi na nne zilitoka. Zote zilinyoosha.

EDIT: Naona PM nyingi mnauliza kama nilithibitisha. Hapana. Mita 38 hakuna wa kuzamia huku kwetu. Dumu nililiona, alama mbili nyekundu, nilizihesabu. Mama Sada anasema inamtosha, na kama imemtosha yeye, wewe uliye Dar na bando la ofisi unataka nini zaidi? Sasa hivi dukani kwake mteja akiuliza mzee karudi, anajibu, "Marehemu?" halafu anaendelea kupima sukari.

Nilichojifunza, kwanza cha ufundi: kabla hujatoboa boti ya mtu, bandika kipande cha ubao nyuma, ufunge transducer kwenye ubao, ujaribu huko. Na mashine ikipoteza namba mahali pamoja tu, acha kulaumu mapovu. Muangalie anayeendesha. Matundu manne nilitoboa bure, yale mawili ya kwanza yalikuwa sahihi.

La pili sina maneno mazuri. Yule mama alilipia mashine imuonyeshe kitu ambacho kijiji kizima kilikuwa kinakizunguka mbele ya macho yake. Na mimi siwezi kusema wale watu ni wabaya, nimekula ugali wao. Ila tangu nirudi, nikipita mahali naangalia watu wanakata wapi bila sababu.

Haya, uwanja wenu. Mafundi nirekebisheni nilipokosea. Na nyie mnaokaa kandokando ya maziwa, hata mabwawa: kwenu kuna sehemu maji ni matupu lakini watu wanaizunguka? Msitaje jina la sehemu. Andikeni tu ipo, au haipo.